Mgeni Mwenye Jembe

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapana mwanafunzi asiyeijua methali hii. Aghalabu huitamka mtu anapotaka kumcheka mgeni mvivu, yule alaye kila siku na kushukuru kila siku bila ya kuokota hata ukuni mmoja. Kwa maana hiyo methali ni onyo, na onyo lenyewe ni la haki, kwa kuwa mtu mzima mwenye nguvu hapati heshima katika nyumba ambayo haisaidii. Lakini methali hii ina upande wa pili usiotazamwa sana, na huo ndio ninaotaka tuutazame pamoja katika insha hii. Mgeni aliyepokea jembe siku ya tatu, akalima, akavuna, akajenga, akaoza na kuzika, ataitwa mgeni hata lini?

Msomaji asidhani kwamba swali hili ni la kuchezea akili. Swali hili limewatoa watu majumbani mwao katika nchi nyingi, na mimi nimeliona likipita mlangoni petu.

Nilizaliwa na kukulia Muhoroni, mji mdogo ulio mashariki ya Kisumu, pale uwanda wa Kano unapokoma na milima ya Nandi kuanza kupanda. Pande zote za mji ni miwa. Karibu na soko, katika baraza ya duka moja, alikuwapo fundi wa cherehani. Alifika kabla sijazaliwa, akitoka upande mwingine wa Kenya, pamoja na mke wake, mtoto mmoja mchanga, na cherehani moja ya kukanyaga kwa miguu. Sitamtaja jina, kwa sababu hakuniruhusu. Sisi watoto tulimwita Fundi, na wazazi wetu walimwita hivyo hivyo.

Huyo Fundi ndiye aliyeshona sare za shule za nusu ya mji. Kila mwaka mwezi wa Januari tulipanga mstari mbele yake, naye akatupima mabega kwa utepe wake huku akituuliza tulikuwa wa ngapi katika mtihani. Wazazi wetu wengi walikuwa wakulima wa miwa, na mkulima wa miwa ni mtu wa kungoja: hungoja miezi kumi na minane au zaidi miwa ikomae, kisha hungoja lori, kisha hungoja malipo. Fundi alilijua jambo hilo. Alishona kwanza, akaandika deni katika daftari, naye akangoja pamoja nao. Hatukupata kumwona katika nyumba za pombe. Jua lilipotua aliifunika cherehani, akaenda nyumbani, na mwenye kupita dirishani pake usiku alimkuta ameketi na watoto wake mezani, taa katikati, akiwasikiliza wakisoma. Alikuwa na watoto watano, na wote watano walisomeshwa kwa sindano ile moja.

Ikaja Januari ya mwaka 2008. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulikuwa umeleta machafuko, na katika majuma machache zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika Kenya na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Fundi wetu hakupigwa. Nyumba yake haikuchomwa. Alijiwa tu na vijana sita au saba, wakamwambia: "Rudi kwenu." Nami niliwajua vijana wale. Sare zao za shule ya msingi zilishonwa naye.

Baba yangu alikuwa amesimama mlangoni petu, akiona na kusikia. Hakuwaunga mkono vijana, lakini pia hakufumbua kinywa. Usiku ule Fundi alitujia akiwa amebeba cherehani begani. Akamwomba baba amhifadhie, kwa kuwa lori walilopata halikuwa na nafasi. Baba akaipokea, akaifunika kwa shuka safi, akaiweka chumbani mwake. Ilikaa huko miaka miwili. Mwisho akaja kijana mmoja mrefu, ndiye yule aliyeletwa Muhoroni mchanga, akasema ametumwa kuichukua. Baba alifurahi mno, akamkaribisha chakula, kisha akamwuliza kwa nini mzazi wake hakuja mwenyewe. Kijana akajibu kwa adabu: "Baba anakusalimu, Mzee. Anasema amechoka kuwa mgeni."

Baba hakula tena siku ile. Miaka mingi imepita, nami sasa ni mwalimu wa walimu, lakini jibu la kijana yule bado linanisumbua. Mtu amekaa mahali miaka ishirini, amevisha watoto wa watu, amekopesha wenye shida, amelea watoto wake kwa heshima, na bado anaweza kuamshwa siku moja akaambiwa kwamba muda wote ule alikuwa mgeni tu. Je, kosa lilikuwa wapi?

Wengine watasema kwamba ndiyo hali ya dunia: kila mtu ana kwao, na asiye kwao hana budi kuwa tayari kuondoka. Basi na tuitazame Muhoroni yenyewe, tuone ni nani aliye kwao. Mji huu ulitokana na reli. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ililifikia ziwa mwezi wa Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, na leo ni Kisumu. Muhoroni ilikuwa stesheni ya njiani. Kuijenga reli hiyo waliletwa kutoka Bara Hindi wafanyakazi zaidi ya 30,000. Karibu 2,500 kati yao walikufa, na wapatao 6,700 wakachagua kubaki. Nyanda za juu zenye baridi zilitengwa kwa ajili ya walowezi wa Kizungu. Wahindi waliotaka kulima walikaa katika nchi ya chini yenye joto na mbu, kama vile Kibos, na huko wakapanda miwa. Kiwanda cha sukari cha Miwani kikaanza mwaka 1922. Baada ya Uhuru kikajengwa kiwanda cha Muhoroni mwaka 1966, na watu wa makabila mengi wakaja kukata miwa, kuendesha matrekta, kufundisha shule na kuuza dukani. Ukiwaondoa Muhoroni wote ambao babu zao walitoka kwingine, utabaki na stesheni isiyo na abiria.

Hata sisi Wajaluo, tunaojihesabu kuwa wenyeji, tunalo neno ambalo yafaa tulitafakari. Mtu aliyekaa katika ardhi ya ukoo usio wake aliitwa jadak, na wengi wao huitwa jodak. Jadak alikaribishwa, aghalabu kwa sababu ya undugu wa ndoa au urafiki. Alipewa mahali pa kujenga na kulima. Alisaidia vitani na kazini. Lakini mara kwa mara alikumbushwa kwamba ardhi si yake, na palipotokea ugomvi aliweza kuambiwa aende zake, hata kama baba yake alizikwa pale. Hivyo katika desturi yetu wenyewe mna wema na mna kasoro. Wema ni ule mlango uliofunguliwa. Kasoro ni kwamba mlango huo haukufungwa nyuma ya aliyeingia, na kila ugomvi ulipotokea alionyeshwa kuwa bado uko wazi.

Sasa naomba msomaji tutoke Kano kwa muda kidogo, twende Arabuni, maana watu wa mbali huweza kutuonyesha sura yetu vizuri zaidi kuliko majirani. Katika kusoma kwangu habari za mataifa nimekutana na kisa cha watu wengi ambacho kilinikumbusha Fundi wetu. Ni kisa cha Wapalestina waliokwenda kufanya kazi Kuwait.

Mwaka 1948, katika vita vilivyozuka wakati taifa la Israeli lilipoundwa, Wapalestina wapatao 700,000 walitoka au walifukuzwa katika miji na vijiji vyao. Wengi waliangukia katika kambi za wakimbizi nchini Jordan, Lebanon, Syria na Ukanda wa Gaza. Kwa wakati uo huo Kuwait, nchi ndogo ya jangwa, ilikuwa imeanza kuuza mafuta, na haikuwa na walimu wa kutosha, wala waganga, wala wahandisi, wala makarani. Basi baba wa Kipalestina, aliyekuwa hana shamba tena wala kazi, alitazama upande ule. Walimu wa kwanza Wapalestina walikuwa wamekwisha kufika huko tangu mwaka 1936; sasa wakafuata maelfu. Wengine walivuka jangwa bila ya hati. Mwandishi Mpalestina Ghassan Kanafani, ambaye alipata kufundisha shule Kuwait, alitoa mwaka 1963 hadithi ya wanaume watatu waliojificha ndani ya tangi tupu la lori la maji ili wavuke mpaka wakatafute riziki ya jamaa zao. Lori lilicheleweshwa penye mpaka chini ya jua kali, na wote watatu wakafa kimya ndani ya tangi. Ni hadithi ya kubuniwa, lakini haja iliyowaingiza mle ndani haikubuniwa.

Waliofika salama walifanya kazi. Twaweza kumpiga picha mmoja kati ya wengi, bila ya kumpa jina. Anafundisha hesabu asubuhi, na jioni anafundisha tena watoto wa watu majumbani mwao. Kila mwezi anagawa mshahara mafungu matatu: fungu la nyumba, fungu la wazazi walio kambini, na fungu la mdogo wake aliye chuoni Cairo au Beirut. Yeye hanunui kanzu mpya mpaka kila mmoja amepata viatu. Mdogo wake akihitimu anakuja naye kufanya kazi, kisha anamsomesha anayemfuata. Kwa njia hii watu waliopoteza mashamba yao walijenga utajiri mwingine usioweza kunyang'anywa kwa bunduki, nao ni elimu. Na Kuwait ilijengwa pia: shule zake, hospitali zake, maofisi yake.

Kufikia mwaka 1990 Wapalestina waliokuwa Kuwait walikaribia 400,000. Wengi walizaliwa pale pale. Lakini sheria ya uraia ya mwaka 1959 iliwahesabu kuwa raia wa asili wale tu ambao jamaa zao walikuwapo tangu kabla ya mwaka 1920. Mgeni alikaa kwa ruhusa, na ruhusa ilishikamana na kazi. Kazi ikiisha, ruhusa nayo huisha. Mwezi wa Agosti 1990 majeshi ya Iraq yaliivamia Kuwait, na kiongozi wa Wapalestina, Yasser Arafat, akaonekana kumwelekea Saddam Hussein. Kuwait ilipokombolewa mwaka 1991, hasira ya wenyeji iliwaangukia Wapalestina wote, mwenye kosa na asiye na kosa. Katika muda mfupi karibu wote walikuwa wameondoka au wameondolewa. Waliobaki walikuwa makumi machache tu ya maelfu. Mwalimu wa hesabu aliyefundisha miaka thelathini alifunga mizigo kama mtu aliyelala hotelini usiku mmoja.

Tusiwahukumu Wakuwait peke yao. Nchi iliyovamiwa imeumia, na aliyeumia hapimi vizuri. Jirani yetu Uganda haikuwa imevamiwa na mtu mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke. Nasi wa Kenya tulikuwa na Wamakonde. Hao walitoka Msumbiji enzi za ukoloni kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa huko Kwale, miwa ile ile inayotulisha sisi wa Muhoroni. Walilima, wakachonga vinyago, wakazaa watoto na wajukuu. Lakini hawakuwa na kitambulisho, na asiye na kitambulisho hawezi kufungua akaunti ya benki, wala kuandikwa kazi ya kudumu, wala kutembea bila ya hofu ya askari. Mwezi wa Oktoba 2016 walifunga safari kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwomba Rais awatambue, na mwanzoni mwa mwaka 2017 wakaanza kupokea vitambulisho. Fikiria, ndugu msomaji: mtu ameshika jembe tangu enzi za babu yake, naye analazimika kutembea mamia ya maili ili aulizwe jina lake.

Hapa ndipo napenda tuirudie methali yetu, maana nadhani tumeisoma vibaya. Katika nyumba zetu mgeni hapewi jembe. Mgeni hupewa kiti, maji na kuku. Kumwacha mgeni alime ni aibu kwa mwenye nyumba. Wanaoshika majembe asubuhi ni watu wa nyumbani. Basi wazee waliposema siku ya tatu mpe jembe, hawakusema tu kwamba mgeni afanye kazi. Walisema kwamba siku ya tatu ugeni umekwisha. Jembe ni hati ya uenyeji. Anayempa mtu jembe na kula mavuno yake, kisha mwaka wa ishirini akamwita mgeni, amevunja ahadi aliyoitoa kwa mkono wake mwenyewe.

Najua kwamba yapo mapingamizi, na si haki kuyapita kimya.

La kwanza ni hili: wageni wengi, ati, hupenda jamaa zao tu. Huchuma hapa na kupeleka kwao, huoana wao kwa wao, hawaji matangani. Malalamiko hayo yamesemwa juu ya Wahindi wa Kisumu, juu ya Wapalestina wa Kuwait, na juu ya Wakenya wenyewe waliokwenda kufanya kazi ng'ambo. Mna ukweli ndani yake. Mtu anayejenga ukuta kuizunguka jamaa yake, asijue jirani amelala njaa, amefanya upendo kuwa choyo. Lakini tujiulize pia ni nani aliyemfundisha kujenga ukuta huo. Asiyejua kama kesho ataambiwa aondoke hawezi kupanda mwembe, hupanda mchicha. Huweka akiba mahali pa mbali, kwa kuwa mahali pa karibu hapana amani. Ukitaka mgeni apande mwembe, mhakikishie kwamba atakula maembe. Tena tusiudharau upendo wa jamaa. Yule Mpalestina aliyegawa mshahara mafungu matatu, na yule Fundi aliyesikiliza watoto wakisoma, ndipo walipojifunza kumngojea mwenye deni. Asiyeweza kujinyima kwa ajili ya mwanawe hatajinyima kwa ajili ya jirani.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Watasema: je, kila aliyeshika jembe ana haki? Walowezi nao walilima. Hapa hatuna budi kupambanua. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilikiambia chama cha Wayahudi cha Kizayuni kwamba ingeweza kuwapa mahali pa kukaa katika uwanda wa Uasin Gishu, ng'ambo ya milima hii hii inayoonekana kutoka Muhoroni. Wayahudi wa Urusi walikuwa katika mateso makali, na kutafuta kimbilio hakukuwa kosa. Wajumbe wao walikuja kuitazama nchi, na mkutano wao wa mwaka 1905 ukaikataa. Lakini katika shauri lote lile hakuna aliyewauliza Wanandi wala Wamasai. Mtoaji alitoa kisichokuwa chake. Hiyo ndiyo tofauti. Mgeni wa methali hupokea jembe kutoka mkononi mwa mwenye nyumba, akaingia kondeni pamoja naye. Anayepewa konde na mtu wa tatu, mwenye nyumba akasukumwa nje, huyo hakukaribishwa, na bidii yake haiwezi kuifanya dhuluma kuwa haki. Kwa hiyo jasho peke yake si hati. Makubaliano ya wenyeji ndiyo yanayolipa jasho maana yake.

Pingamizi la tatu sikulisikia kwa watu; lilinijia mwenyewe nilipokuwa nikiandika. Nimemsifu Fundi kwa kuwa alikuwa mchapa kazi na mlezi mwema. Je, kama angekuwa mvivu? Kama angekuwa mgomvi na mlevi, ingekuwa halali kumwambia arudi kwao? Nasema hapana. Mlevi aliyezaliwa Muhoroni tunamwonya, tunamshtaki akikosa, lakini hatumpakii katika lori. Tukidai kwamba mgeni awe malaika ndipo tumvumilie, tumemtoza kodi ambayo sisi wenyewe hatuilipi. Bidii yake ni sababu ya kumshukuru. Usalama wake hautegemei shukrani zetu. Na sheria ya nchi yetu inakubali hivyo. Ibara ya 39 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila raia haki ya kuingia, kubaki na kukaa mahali popote katika Kenya. Na ibara ya 15 inamruhusu mtu aliyeishi nchini kwa halali miaka saba mfululizo kuomba uraia. Fundi wetu hakuhitaji hata kuomba. Alikuwa raia tangu tumbo la mama yake. Sheria ilikuwa upande wake, lakini sheria haikusimama barazani asubuhi ile. Aliyesimama karibu alikuwa baba yangu, naye alinyamaza.

Nimemtaja baba yangu si kwa kumvunjia heshima. Alikuwa mtu mwema, na aliihifadhi cherehani kana kwamba ni amana ya yatima. Kabla ya kufa aliniambia jambo moja ambalo nawaachia wasomaji wangu. Alisema kwamba katika maisha yake aliwahi kuogopa mamba mtoni, na radi, na njaa, lakini hofu iliyomwaibisha ni ile ya kuwaogopa watoto aliowajua majina. "Ningalisema neno moja tu," alisema, "ningalisema: huyu ni wa hapa. Labda wasingalinisikia. Lakini yeye angalinisikia."

Katika kila shule ninayotembelea nakuta mwanafunzi mmoja au wawili waliotoka mbali. Matamshi yao ni tofauti, majina yao ni magumu, na wenzao wamewatungia jina la utani linalomaanisha mtu wa kuja. Huenda wanaocheka hawana nia mbaya. Lakini vijana waliomwendea Fundi hawakuanza siku ile. Walianza darasani, kwa mzaha kama huo, wala hapana mtu aliyewakataza. Siku ya kusema neno dogo ni leo, wakati neno halina gharama. Msomaji akingoja mpaka lori limewashwa, ulimi wake utakuwa mzito kama wa baba yangu.

Methali yetu ilitaja siku tatu. Fundi alikaa siku elfu saba na zaidi. Jembe alilipokea, na mavuno yake tuliyavaa migongoni mwetu. Kilichobaki kumpa kilikuwa neno moja la wenyeji, nalo halikupatikana.